Bata Mwenye Mdomo wa Kuku

Kiogoro, Alhamisi jioni

Shemeji wangu mpendwa Nyariki,

Amani ya Bwana iwe juu yako hapo Gesima ulipolazwa, kwenye mteremko unaotazama majani chai uliyoyapanda kwa mikono yako. Mimi Filemoni, ndugu yako kwa ndoa, nakusalimu kwa heshima, nikiwa nimevua kofia ingawa niko peke yangu mezani. Desturi ya barua inanitaka sasa nikuulize habari za afya na za mvua. Niwie radhi, hapo nitapita upesi, maana nisingependa ionekane kwamba ninakudhihaki.

Naomba pia msamaha kwa kuchelewa kukuandikia. Kalamu niliishika mara nyingi nikairudisha mahali pake, kwa kuwa mtu haendi kwa shemeji yake mikono mitupu. Nilitaka nije na kitu. Leo ninacho. Nimekuletea kichwa cha mtu. Samahani, hiyo si lugha ya mtu aliyelelewa misheni. Nimekuletea aibu ya mtu, nzima, haikupungua hata kidogo njiani.

Walimu wetu walitufundisha kwamba wafu hawajui neno lolote hata asubuhi ya ufufuo. Basi na iwe hivyo. Utaisoma asubuhi hiyo. Lakini yanipasa kwanza nikueleze ulizikwaje, kwa maana hukuwa na nafasi ya kusikia.

Ulizikwa bila kwaya. Watu walijaa mpaka kwenye migomba, lakini kwaya ilikaa kwenye nyasi, vitabu vya nyimbo vimefungwa magotini. Mchungaji aliomba kwa ufupi, kama mtu aliyeombwa kubariki chakula ambacho yeye mwenyewe hatakila. Sababu yake ilikuwa Abisai wa Birongo, mwenye duka na mzee wa kanisa, yule uliyemwita rafiki. Alisimama kando ya jeneza akasema: "Ndugu zangu, kusema kweli ni sehemu ya ibada. Asubuhi ile nilikutana na marehemu akitoka mahali panapouzwa chang'aa. Bunduki alikuwa ameigeuza mkongojo, mdomo wa mtutu unachimba matope. Nilimwonya." Kisha akalia. Alilia vizuri sana, Nyariki. Alilia hata mkeo Bosibori, mjane wa siku mbili, akamshika mkono kumfariji.

Wewe! Wewe ambaye uji ukichacha kidogo ulimwachia mbwa.

Hivyo watu wakapata hadithi iliyokamilika, yenye mlevi, matope yaliyoziba mtutu na bunduki iliyompasukia mikononi, na hadithi iliyokamilika haimtafuti shahidi. Kila nilipopita sokoni nilisikia mama akimwambia mumewe, "Endelea kunywa, utapasuka kama Nyariki." Bosibori alihama benchi lake la mbele, akakaa karibu na mlango, kisha akaacha kuja kabisa. Dada yako Kerubo, mke wangu, hakuacha kuja. Alikuja kila Sabato akamkazia Abisai macho toka wimbo wa kwanza hata wa mwisho. Nyumbani alikuwa akisema, pasipo mtu kumwuliza, akikoroga ugali, akifua: "Kaka yangu hakunywa." Na alipolala kitanda ambacho hakuinuka, aliniuliza: "Baba Kemunto, wewe ulikula mshahara wa bunduki maisha yako yote. Mbona hii moja huijui?"

Bunduki yenyewe sikuwa nimeiona. Nilikuja kutoka Kisumu umekwisha kutiwa jenezani, na wazee wa Gesima walikuwa wamekataza chombo kile kisiguswe. Unajua desturi yetu: kitu kilichoua mtu hakipiti lango la nyumba, kikipita, hapaliwi wala hapasemwi jambo la heri mpaka pawe pametakaswa. Basi kililala kwenye mahindi, pale pale ulipowalenga tumbili wa shambani wakakuponyoka, kimefunikwa majani ya mgomba, hata askari walipokuja kukichukua kwa gunia. Hakuna aliyekigeuza. Kerubo alikufa na swali lake. Samahani kwa doa hili la wino.

Sasa nikueleze jambo ambalo hukupata kulisikia kwangu, kwa kuwa tulipokutana ulipenda kunitania tu. "Shemeji," ulikuwa ukisema, "unapanga risasi kama mtu anayepanga mayai, na hujapiga hata kunguru." Ni kweli, sijapiga hata kunguru. Lakini yule Mhindi mzee niliyekuwa karani wake, aliyeuza bunduki pamoja na majembe na taa, alinifundisha kusoma bunduki, na kusoma huko huanza mahali ambapo mnunuzi hatazami. Huko Ulaya yapo maduka makubwa yanayouza vitanda, miavuli na matandiko ya farasi. Duka kama hilo huagiza bunduki za mitutu miwili kwa mafundi wa mji mwingine, au wa nchi nyingine kabisa, kisha juu yake huchorwa jina la duka kwa herufi za dhahabu, au jina tamu la kubuni ambalo halikuwa la fundi yeyote duniani. Nyingi ni bunduki za haki kwa kazi za shamba, wala sizitukani. Ila jina lililo juu si baba yake. Baba yake utamjua ukiikunja, ukaitoa mitutu, ukaitazama chini karibu na chemba zinazotiwa risasi. Hapo pana mihuri midogo. Kila nchi hujaribu mitutu kwa baruti nyingi kabla haijauzwa, kisha huipiga muhuri wake. Moja huweka taji, nyingine huweka herufi ndani ya umbo la yai. Muhuri huo utakuambia pia mtutu ulijaribiwa kwa baruti ipi, ile nyeusi ya zamani yenye moshi mwingi, au hii ya leo yenye nguvu zaidi.

Na ipo mitutu ya kale iliyotengenezwa kwa nyuzi za chuma zilizosokotwa na kuzungushwa kama kikapu. Hupendeza mno, ina mawimbi kama nywele zilizochanwa. Hiyo, alisema yule mzee, itundike ukutani uisifu. Usiitie risasi ya leo.

Sisi Abagusii ng'ombe wa mahari tunamkagua hata chini ya mkia. Tunamfungua mdomo, tunambonyeza kiwele, tunamtembeza tuone kama anachechemea. Lakini kitu kilichoandikwa tunakiamini mara moja, kwa sababu maandishi tuliletewa pamoja na Injili. Ndiyo maana Abisai alikuweza. Bosibori alinisimulia baadaye jinsi alivyokuja kwenu baada ya yule Mzungu wa Sotik kuuza shamba lake na kukuachia bunduki yake kwa utumishi wako mwema. Ilikuwa nyeusi, kavu, haina ua wala ndege. Abisai akacheka: "Nyariki, hii yako haina jina, ni kama mtoto wa njiani. Lakini kwa kuwa tunasali pamoja, nipe hiyo nikupe hii yangu ya dhahabu." Mkaenda ofisini, karatasi zikaandikwa upya kwa halali. Ulirudi umefurahi, ukaipangusa kwa kitambaa cha kanisani. Sikulaumu. Hata mimi, laiti nisingalikwenda Kisumu, ningaliisoma juu tu.

Mwaka jana, nikiwa nimestaafu na kuzoea kuitwa mzee, afisa mmoja wa polisi alinialika nitambue na kuthamini bunduki kuukuu zilizolala ghalani bila wenyewe, ipate kujulikana ipi iuzwe na ipi iharibiwe. Ilikuwa kazi ya kupendeza. Nilikaa kwenye kisanduku nikazigeuza moja moja, nikamweleza afisa: hii ina jina la duka lakini mitutu ni mizuri, atakayeinunua alinde mahindi yake kwa amani, hii bawaba imelegea, mtaitikisa itacheza kama jino la mtoto, hii mmoja wenu ameipaka rangi ya mlango. Alicheka. Kisha akaniletea gunia lililokuwa pembeni.

Nilipolifungua sikujua kwamba ninakufungua wewe. Nilimwona bata kwanza. Ubavuni mwa bunduki palichorwa bata wawili wanaoruka, na mmoja wao fundi alimkosea, akampa mdomo wa kuku. Nyariki, bata yule nilimjua! Miaka kabla ya kifo chako mtu aliingia dukani Kisumu na bunduki ile, akataka kuiuza. Uso wake ulikuwa umenitoka, wateja walikuwa wengi. Bata hakunitoka. Yule mzee aliigeuza, akaona herufi ndani ya yai na mawimbi ya chuma kilichosokotwa, akaona kwamba jina la dhahabu ni la duka la Ulaya linalouza matandiko. Akasema kwa Kiingereza, nami nikamfasiria mteja kwa Kiswahili na kwa Kigusii ili pasiwe na kosa: "Hatuinunui. Mwenyewe usiipige. Siku moja itapasuka mikononi mwa mtu." Yule mteja akaifunga tena katika blanketi akasema, "Haidhuru. Atapatikana wa kuipenda."

Nikiwa nimekaa pale ghalani, sauti ile ilinirudia, nami nikamtambua mwenyewe. Ndiyo sauti iliyolia kando ya jeneza lako.

Nikaendelea kutazama, maana hasira bila kazi ni uvivu. Mtutu wa kushoto ulikuwa umefunguka kama ganda la ndizi, karibu na chemba, pale pale mkono unaposhika. Nikautazama mdomo. Mdomo ulikuwa mzima, mviringo kama pete. Matope yakiziba mdomo, shemeji, mtutu hupasuka huko huko kwenye matope, mbele. Hautambai nyuma kuja kutafuta mkono wa mtu. Hapakuwa na matope. Hapakuwa na mlevi. Palikuwa na chuma cha ukutani na risasi ya leo, na mtu aliyejua.

Afisa aliniuliza ina thamani gani. Nikamwambia, "Kama bunduki, haina. Lakini naomba huu mtutu, kama sheria inaruhusu." Akasema, "Mzee, hii si bunduki tena, ni chuma chakavu. Chukua kama itakufaa." Nikamwambia itanifaa sana.

Sikuuingiza nyumbani kwangu. Niliuficha kwenye ua, chini ya ghala la mahindi, nikangoja. Kungoja nilifundishwa na dada yako.

Abisai alikuwa akimwozesha mwanawe binti wa jirani zangu hapa Kiogoro. Katika mazungumzo ya mahari alipendekeza kwamba badala ya sehemu ya ng'ombe atoe bunduki yake nzuri, ile nyeusi, yako. Wazee wetu wakaona ni vyema waende na mtu wa kuithamini. Walikuja kunibembeleza, nami nilikubali upesi kuliko adabu inavyoruhusu.

Tulikaribishwa Birongo kwa heshima zote. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, chai ikamiminwa. Mzee mmoja wa upande wetu alianza kwa mzaha: "Bunduki haizai, Abisai. Chiombe, ng'ombe zetu, huzaa." Abisai akajibu, "Lakini bunduki haili nyasi, wala hairukii shamba la jirani." Tulicheka sote, hata mimi. Kisha akaniwekea bunduki mbele. "Soma, Mzee Filemoni. Wasomee hawa."

Nikaikunja, nikaitoa mitutu, nikawaonyesha wazee chini kama mtu anayewaonyesha meno ya ndama. Jina la fundi wake lilikuwapo, dogo, pasipoonekana. Na mihuri ya kujaribiwa kwa baruti ya leo. Nikasema ukweli mtupu, kwamba ni bunduki bora kuliko zote nilizowahi kushika katika nchi ya Gusii, na kwamba thamani yake ni zizi zuri la ng'ombe. Abisai alivimba kwa majivuno. Aliniongezea sukari kwa mkono wake mwenyewe.

Nikamwambia, "Niwie radhi, mzee wa kanisa. Mthamini huuliza pia kitu kimetoka wapi. Uliipataje?"

"Nilibadilishana na mtu," akasema. "Marehemu."

"Naomba unisamehe tena, nitachafua kitambaa chako," nikasema, na katika gunia lililokuwa miguuni pangu nikatoa mtutu wako, nikaulaza mezani, kati ya birika na sahani ya mkate. "Ulibadilishana na huu. Ndio uliomuua Nyariki wa Gesima."

Kisha viti vikasogea. Mzee aliyekuwa akitania alisimama, hakumaliza chai yake, akatema alichokuwa nacho mdomoni pembeni mwa mlango. Mimi ni Mwadventista. Siamini kwamba chuma hubeba laana. Lakini nilijua wao wanaamini, na nilijua ninaweka nini juu ya meza ya nani. Sikutubu wakati ule na sitakudanganya kwamba nimetubu sasa.

Abisai akasema haraka, "Huyu mtu amechanganyikiwa na ujane. Ilikuwa matope! Kila mtu anajua ilikuwa matope!" Nikawaonyesha mdomo mzima wa mtutu, nikawaonyesha ulipofunguka. Nikamwuliza kama anakumbuka nilichomfasiria Kisumu, dukani. Akasema hajawahi kufika duka hilo maishani mwake.

Hapo ndipo mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kijungu cha maziwa, aliposema, si kwa sauti kubwa: "Baba Isaboke. Hiyo si ile yenye bata uliyorudi nayo Kisumu? Si uliitundika juu ukaniambia watoto wasiiguse, ni ya kupasuka?"

"Nyamaza wewe!"

"Nimenyamaza," akasema mama yule. "Nilinyamaza hata matangani. Nilidhani ulimwambia."

Wazee wetu waliondoka bila kuaga, na katika nchi yetu unajua hilo ni neno zito kuliko tusi. Mimi niliaga. Nilimshukuru kwa chai, nikamwachia mtutu wake pale pale mezani.

Sasa mambo yamebadilika, nami nakuletea taarifa kwa ufupi. Baraza la kanisa lilimwita, likamsikiliza, likamvua uzee mbele ya washiriki wote. Bunduki yako aliisalimisha. Bosibori hataki chombo hicho nyumbani, kwa hiyo itauzwa kwa niaba yake, nami nimeithamini kwa haki. Vijana walioana hatimaye, kwa ng'ombe watupu. Sina ugomvi nao. Na Jumapili moja kwaya ilipanda Gesima kwa miguu, ikaimba kaburini pako nyimbo zile ambazo haikukuimbia. Bosibori alisimama mbele kabisa. Hakulia. Aliwatazama mmoja mmoja midomoni wakiimba, kama mtu anayehakikisha kwamba hakuna anayeruka ubeti. Nilipofika nyumbani nilikwenda nyuma ya nyumba, kaburini kwa Kerubo, nikamwambia: hii moja sasa naijua.

Mchungaji amenisihi nimwachie Mungu kisasi. Nilimjibu kwa heshima kwamba nilimwachia kwa muda wa kutosha.

Baadaye Abisai alishikwa na ugonjwa wa moyo, akatuma niitwe. Nilikwenda, nimevaa tai. Alikuwa amekonda, duka limefungwa, wateja wameona haya kununua chumvi kwake. Akasema, "Filemoni, nisamehe." Nikamjibu kwa upole wote niliofundishwa: "Mzee mwenzangu, ningependa kukusaidia, lakini msamaha huo si wangu. Mwenyewe yuko Gesima." Akageukia ukuta. Nilimnyoshea blanketi, nikamwekea maji karibu, nikaondoka. Njiani nilijisikia mwepesi hata nikaimba. Unisamehe wewe, kama ulitarajia shemeji mwenye moyo laini kuliko huu.

Pumzika, Nyariki. Nakuahidi kwamba maadamu ninatembea, popote nitakaposikia mtu akitaja matope na jina lako katika sentensi moja, nitakwenda mpaka mlangoni kwake kwa fimbo yangu, nitavua kofia, na nitamsahihisha. Msalimu dada yako, mwambie ninakula vizuri, ingawa si kweli.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Filemoni

Mchukuzi wa barua hii ni Abisai mwenyewe. Alikata roho juzi, na atazikwa kesho kabla Sabato haijaingia. Mkewe ameniruhusu niitie katika mfuko wa ndani wa koti la marehemu, upande wa moyo, naye ameufunga kifungo. Anakuja kwako na ombi. Kumsikiliza au kutomsikiliza ni haki yako, mimi siingilii. Bahasha sikuibandika. Asome njiani.